Umebadili rimu ya nyuma? Pima tairi kwanza ndo ununue sproketi

Wadau wa pikipiki, hii nawaandikia hasa nyie mnaotoa rimu ya inchi 18 mnaweka 17, au mna 17 mnataka kuweka 18 ili pikipiki inyanyuke kidogo, na mnajiuliza sproketi ya nyuma (lile duara la meno linalovutwa na cheni) sasa iwe ya meno mangapi. Jibu lipo na wala sio gumu, ila watu wengi wanaingia hasara kwa sababu wanaangalia namba ya rimu peke yake. Rimu haigusi barabara, kinachogusa barabara ni tairi, na sproketi inachaguliwa kwa ukubwa wa gurudumu zima likiwa na tairi lake, upepo wake na mzigo wake.

Mimi nina Mchina 125 ile ya mtindo wa CG, ilikuja na tairi la nyuma 3.00-18, sproketi ya mbele meno 15 na ya nyuma meno 41. Kazi yangu ni mizigo kati ya Morogoro mjini na Mgeta, napanda na bidhaa za madukani nashuka na kabichi na karoti, sasa anayeijua ile njia anajua, ni mlima kona mlima kona, na mvua ikinyesha ndo usiseme. Kwa ajili ya utelezi nikataka tairi pana zaidi, nikapata rimu ya 17 yenye upana wa inchi 2.15 pamoja na tairi 110/90-17. Fundi akapiga hesabu pale pale kwenye simu, 17 gawanya kwa 18 zidisha kwa 41, ikaja 38 na pointi, akasema gurudumu limepungua kwahiyo sproketi nayo ipungue, tufunge 38. Kwa kusikiliza tu ilionekana sawa kabisa na mimi nikakubali.

Mjini sikuona shida, niliona tu gia ya kwanza inachelewa kuondoka kidogo. Siku ya kwanza kupanda na mzigo, gunia la sukari la kilo 50 na katoni za sabuni juu yake, nikafika kwenye mwinuko ambao siku zote napanda na gia ya pili, nikajikuta nipo namba moja na bado injini inagonga inataka kuzima, nikawa nashika klachi nusu kuisaidia. Haikupita muda ikaanza kuja ile harufu ya pleti za klachi, kama karatasi nene inaungua. Ikabidi nishushe nusu ya mzigo nyumba ya jirani na barabara nirudie safari mara mbili, na wiki ile ile nikabadilisha pleti zote.

Niliporudi mjini nikachukua chaki na futi, nikapima gurudumu lile la zamani na hili jipya, na hapo ndo nikaelewa tulichokosea. Gurudumu langu la 17 lilikuwa KUBWA kuliko lile la 18! Tairi la 110/90 ni refu kuliko 3.00, na ule urefu wake umefidia inchi moja ya rimu iliyopungua ukapitiliza. Yani nilitakiwa kuongeza meno, sisi tukapunguza matatu.

Sasa twende kwenye kupima, na hapa naomba msiruke maana ndo moyo wa kazi yenyewe.

Kabla hujatoa gurudumu la zamani jaza upepo ule unaotembea nao siku zote, tafuta sakafu ngumu iliyo sawa, piga mstari wa chaki kwenye tairi pale chini kabisa linapogusa sakafu na mstari mwingine sakafuni pale pale. Kaa juu ya pikipiki, na kama kazi yako ni abiria basi mpandishe mtu nyuma, kama ni mzigo weka mzigo, maana tairi likibebeshwa linabonyea na umbali wa mzunguko unapungua. Mwenzako asukume taratibu mpaka ule mstari wa kwenye tairi uzunguke mara 3 urudi chini, weka alama, pima kutoka alama ya kwanza mpaka ya mwisho halafu gawanya kwa 3. Nasema mizunguko 3 kwa sababu ukipima mmoja tu, kosa la sentimita moja linaonekana kubwa, ukigawanya kwa 3 linapungua. Langu la 3.00-18 mizunguko mitatu ilitoa mita 5 na sentimita 61, kwahiyo mzunguko mmoja ni sentimita 187. Lile la 110/90-17 ilitoa mita 5 na sentimita 80, yani sentimita 193 na kidogo.

Kama tairi jipya bado hujalinunua, unataka ujue kabla hela haijatoka, basi soma namba za ubavuni. Kuna aina mbili za uandishi. Ile ya inchi kama 3.00-18, namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi, na kwenye matairi haya ya kawaida kimo cha tairi kinakaribiana na upana wake, ya mwisho ni rimu. Ile ya milimita kama 110/90-17, ya kwanza ni upana milimita 110, ya pili ni asilimia, maana yake kimo ni asilimia 90 ya huo upana ambayo ni milimita 99, na 17 ni rimu kwa inchi. Inchi moja ni milimita 25.4. Chukua rimu uigeuze milimita, jumlisha kimo cha tairi mara mbili kwa sababu lipo juu na lipo chini, unapata kipenyo cha gurudumu zima.

Langu la zamani, 18 mara 25.4 ni 457, jumlisha 76 mara mbili, jumla kama 610. Jipya, 17 mara 25.4 ni 432, jumlisha 99 mara mbili, jumla 630. Ukigawanya 630 kwa 610 unapata 1.033, na ukigawanya zile namba zangu za chaki, 580 kwa 561, unapata 1.034, yani njia zote mbili zimekubaliana. Ila mkigongana kati ya karatasi na chaki mimi naamini chaki, kwa sababu matairi ya kampuni tofauti yenye namba zile zile hayalingani sawasawa na tairi lililoisha nalo ni fupi kuliko jipya.

Hesabu yenyewe ndo hii: meno ya sproketi ya zamani zidisha kwa gurudumu jipya, gawanya kwa gurudumu la zamani. Gurudumu likikua meno yanaongezeka, likipungua meno yanapungua. Sababu yake ni rahisi, gurudumu kubwa kila likizunguka mara moja linakupeleka mbali zaidi, ni sawa na umeweka sproketi ndogo, pikipiki inakuwa na mwendo lakini inakosa nguvu ya kuondoka na kupanda, kwahiyo unairudishia nguvu kwa kuongeza meno nyuma. Kwangu 41 mara 1.034 ni 42.4. Na mimi nilikuwa nimefunga 38! Hiyo ni asilimia 10 nzima ya nguvu imekatwa, halafu nashangaa mlima unanishinda.

Nikupe mifano mingine ya mizunguko ya kwetu huku. Mwenye Boxer yenye tairi la nyuma 3.00-17 akiamua kuweka 3.00-18, kipenyo kinatoka 584 kwenda 610, ni asilimia 4 na kidogo, kwahiyo kama sproketi yake ni 42 atafute 44. Na asitegemee pikipiki kunyanyuka sana, itapanda milimita 13 tu nyuma, nusu ya inchi, maana inchi moja ya kipenyo inagawanyika juu na chini. Mwenye Mchina wa 3.00-18 akiweka rimu nene ya 16 na tairi 110/90-16, watu wengi wanadhani gurudumu limeshuka sana kwa kuangalia 18 na 16, lakini piga hesabu uone, 610 kwa 604, tofauti haifiki hata asilimia moja, huyo abaki na sproketi yake ile ile wala asihangaike. Na kwa anayetoka 3.00-18 kwenda 3.00-17, tairi lile lile rimu tu imepungua, huyo ndo kweli apunguze, 41 yake iwe 39.

Hesabu karibu kila siku itakupa pointi, na sproketi haina nusu jino, kwahiyo unachagua juu au chini. Hapa angalia kazi yako na njia zako. Kama ni mizigo na milima panda juu. Kama unatembea lami tambarare shuka chini, injini haitalia sana na mafuta utaona nafuu. Mimi 42.4 yangu ningeweza kuweka 42 na mjini nisingeona tofauti na zamani, ila kwa ajili ya Mgeta nikafunga 43. Jino moja nyuma kwenye arobaini na kitu ni kama asilimia 2 na nusu, sio kitu cha kutisha, lakini meno matatu ukikosea ndo yale yaliyonikuta.

Kitu kingine ambacho mafundi wazuri wanakijua, ukiweza chagua meno witiri, yasiyogawanyika kwa mbili. Cheni ina pingili shufwa, za ndani na za nje zikipishana, kwahiyo kwenye 42 kila jino linakutana na pingili za aina moja tu siku zote, na ulaji unakuwa wa sehemu. Kwenye 43 zinabadilishana, ulaji unasambaa. Ukiwa na nafasi ya kuchagua chukua hiyo, ukikosa dukani usilale na njaa kwa ajili ya hilo.

Na ukikosa kabisa namba yako ya nyuma unaweza kucheza na ya mbele. Gawanya nyuma kwa mbele. 43 kwa 15 ni 2.87. Kama duka halina 43 lakini lina 40, funga mbele 14, 40 kwa 14 ni 2.86, unaona ni kitu kimoja. Kumbuka jino moja la mbele ni kama meno matatu ya nyuma, kwahiyo usiliguse kwa kubahatisha. Na mimi sishauri kushuka chini ya 13 mbele kwenye pikipiki hizi, cheni inakunjwa kona kali mno, inachoka haraka na inasugua ile plastiki ya kwenye swing'amu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma.

Sasa dukani. Sproketi imeandikwa, kwa mfano 428-43T, 428 ni saizi ya cheni na 43 ni meno. Pikipiki nyingi za bodaboda zinatumia 428, ila zipo ndogo za 420, na hizi mbili zinadanganya sana macho kwa sababu nafasi kati ya pini na pini ni ile ile milimita 12.7, tofauti ipo kwenye upana, 420 ni nyembamba. Cheni ya 420 haiingii kwenye sproketi ya 428, na cheni ya 428 kwenye sproketi ya 420 itaingia lakini inacheza pembeni na kuila. Saizi ziwe moja kuanzia mbele, cheni, mpaka nyuma.

Halafu habu, ile sehemu ya katikati ya gurudumu zinapofungwa spoku. Kama umebaki na habu yako ya zamani na umebadili rimu na spoku tu, umefanya jambo rahisi na mimi ndo njia ninayoipenda, kwa sababu breki, ekseli, bushi na mahali pa kufungia sproketi vyote vinabaki vilevile. Hesabu tu matundu ya rimu yalingane na habu, nyingi ni 36, na nunua spoku za saizi hiyo, za 17 ni fupi kama milimita 12 hivi kuliko za 18, usikubali zile za zamani zikatwe nchani. Lakini kama umeweka gurudumu zima la pikipiki nyingine, mfano rimu ya sport yenye habu yake, basi sproketi lazima ifuate hiyo habu. Chukua sproketi iliyokuja nayo uende nayo dukani ulaze juu ya ile mpya, tundu la katikati lilingane bila kucheza na matundu ya boliti yaingiliane yote. Usikubali kuchongewa tundu kwa drili, sproketi isiyokaa katikati inafanya cheni ikaze upande mmoja ilegee upande mwingine, na hiyo inaua beringi.

Na kwenye habu ya kigeni angalia mstari wa cheni. Laza rula ndefu au kamba iliyovutwa kwenye uso wa sproketi ya nyuma uielekeze mbele, ifike sawa kwenye uso wa ile ndogo. Ikipishana milimita mbili tatu rekebisha kwa bushi za ekseli, na gurudumu lenyewe libaki katikati ya swing'amu, maana unaweza kunyoosha cheni ukapindisha pikipiki. Cheni isiyo kwenye mstari utaiona, meno yanalika ubavu mmoja na kuachwa makali kama kisu.

Ukiongeza meno cheni itapungukiwa. Kila jino moja unaloongeza nyuma linavuta ekseli mbele kama milimita 3 mpaka 4, kwahiyo jino moja au mawili mara nyingi ile nafasi ya kukazia cheni inatosha, zaidi ya hapo utahitaji cheni ndefu. Cheni imeandikwa kama 428H-118L, hiyo 118 ndo idadi ya pingili, na siku zote inakuwa shufwa kwa sababu ya loki, kile kipande cha kuungia cheni, kwahiyo unaongeza mbili mbili. Nunua ndefu kidogo uikate, kukata ni dakika tano. Ukipunguza meno kinyume chake, ekseli inarudi nyuma, hakikisha haijafika mwisho kabisa wa nafasi yake, maana cheni ikianza kurefuka kwa matumizi hutakuwa na pa kuvutia.

Tafadhali usifunge sproketi mpya na cheni iliyochoka. Pima pingili 20, kutoka katikati ya pini mpaka katikati ya pini, cheni mpya ya 428 inatoa milimita 254, ikifika 259 imekwisha itupe. Najua seti nzima ni hela, najua bosi anataka hesabu yake jioni, lakini cheni iliyorefuka inaipanda sproketi mpya kwenye ncha za meno na kuimaliza muda mfupi tu, unanunua mara mbili.

Ukishafunga kila kitu zungusha gurudumu kwa mkono kabla hujawasha. Sikiliza. Sproketi kubwa inaweza kugusa kava la cheni, hasa yale makava yaliyofunika cheni yote, na tairi pana linaweza kugusa cheni yenyewe, fimbo ya breki au madigadi. Kwangu tairi na cheni vilibakiza upana wa kidole kidogo, nikaridhika, ila ningekuwa na chini ya nusu sentimita nisingetoka nayo, tairi linatanuka kidogo likizunguka kasi na cheni inapiga piga ikilegea. Hakikisha pia rimu inalimudu tairi, 3.00 inakaa vizuri kwenye rimu ya 1.85, lakini 110 inataka kuanzia 2.15, ukilibana kwenye rimu nyembamba linakuwa la duara juu na kwenye kona pikipiki inayumba.

Spidomita ya pikipiki zetu nyingi inavutwa na gurudumu la mbele, kwahiyo ukibadili la nyuma tu usomaji unabaki sahihi. Ukibadili na la mbele kutoka 2.75-18 kwenda 2.75-17, ukiwa kweli unatembea 60 yenyewe itakuonyesha kama 63, na kilomita zitaongezeka haraka kuliko ulizotembea, jambo la kukumbuka kama unabadili oili kwa kuhesabu kilomita.

Kaza boliti za sproketi kwa kupishana, sio kuzungukia, na zile pleti za kufungia ncha zikunjwe tena juu ya nati, wengi wanaziacha wazi. Zungusha gurudumu utafute mahali cheni inapokaza zaidi, pale ndo upimie ulegevu, katikati ya sproketi mbili upande wa chini icheze kati ya milimita 20 na 30, na upime pikipiki ikiwa kwenye stendi bila mtu wala mzigo, ule ulegevu ni wa kuiachia cheni nafasi maana inakaza swing'amu ikipanda.

Kisha kajaribu kwenye mlima unaoujua, sio barabara mpya. Ule mwinuko wangu wa siku zote na 43 napanda gia ya pili na gunia langu nyuma, klachi nimeiachia kabisa. Ukitembea kilomita 200 hivi simama uguse boliti zote na upime cheni tena, ikiwa mpya inalegea mapema.